Stempu ya Papa Chini ya Taa

Ninafanya kazi kwa kambisti mmoja hapa Gisenyi, karibu na Petite Barrière, pale ambapo watu wa Goma wanavuka kila asubuhi na mizigo kichwani. Mimi ni mtoto wa kambi ya Kiziba. Wazazi wangu walitoka Masisi mwaka 1996, na mama yuko kambini mpaka leo. Kazi yangu ni kuhesabu noti na kuzipitisha chini ya taa ya urujuanimno, ile ndogo yenye mwanga wa zambarau.

Taa hiyo nimeizoea. Dola ya kweli ukiiweka chini yake, karatasi inabaki giza. Kinachong'aa ni uzi ulio ndani: wa dola 20 ni kijani, wa 50 ni njano, wa 100 ni waridi. Karatasi yote ikiwaka nyeupe ya kibuluu kama shati la harusi, tunamrudishia mwenyewe noti yake. Hatubishani.

Sababu ni hii. Karatasi nyingi za siku hizi zinatiwa dawa ya kuzifanya ziwe nyeupe zaidi. Dawa hiyo inapokea mwanga tusiouona na kuurudisha kama mwanga wa buluu. Karatasi ya dola haina dawa hiyo. Karatasi za zamani pia hazina, maana dawa ilianza kuenea viwandani baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia.

Papa alikuwa mwalimu. Alipofariki alituachia kopo la maziwa ya unga lililojaa stempu, yeye aliziita tembre. Moja ilikuwa ya Kongo ya Wabelgiji, juu yake limegongwa neno RUANDA. Papa alikuwa anasema, "Hii msiiuze kwa mchezo." Mwaka 1916 jeshi la Wabelgiji lilitoka Kongo likawafukuza Wajerumani Rwanda, na stempu za Kongo zikagongwa RUANDA au URUNDI. Wakusanyaji wanaziita Tombeur, kwa jina la jenerali aliyeongoza jeshi lile. Ni adimu, na zimeghushiwa sana.

Mwaka jana mdogo wangu alifaulu, minerval ikakosekana. Mama akanitumia kopo.

Siku chache baadaye alikuja mgeni kutoka Ubelgiji kubadilisha euro, mzee wa umri wa babu yangu. Tulipoongea kidogo akasema anakusanya stempu. Moyo ukanidunda. Nikamwonyesha ile ya papa. Aliitazama sana, akaomba taa yetu.

Stempu iliwaka. Nyeupe ya kibuluu, kama noti mbaya.

"Pole, kijana," akasema kwa Kifaransa. "Karatasi hii si ya 1916. Ni nakala." Akaniambia anaweza kunipa dola kumi kwa kopo zima, watoto wa dada yake wachezee.

Dola kumi si kidogo kwetu. Ila nilisikia aibu, si kwa ajili ya pesa. Nilimwona papa kama mtu aliyedanganywa maisha yake yote, na sisi nyuma yake. Nikamwambia mzee anipe mpaka kesho, kisha nikampigia mama simu.

Mama alinyamaza kidogo. Halafu akauliza, "Inang'aa namna gani?"

"Kama nguo mpya, mama."

"Basi ni mimi. Niliifua."

Kumbe baada ya msiba, mvua ya Kiziba ilikuwa imeingia ndani ya nyumba na stempu zikashika ukungu. Mama hakutaka vitu vya marehemu vinuke. Akaziloweka zote katika maji ya Omo, akazianika juu ya kanga.

Sikulala vizuri. Asubuhi nikaenda kwa jirani aliye na bahasha kuukuu ya wakati wa Wabelgiji, stempu mbili juu yake, za kawaida tu. Akanipa moja. Chini ya taa ilikuwa giza kabisa. Nikailoweka katika maji ya Omo nusu saa, nikaikausha, nikairudisha chini ya taa. Iliwaka. Sabuni za unga nyingi zina dawa ileile ya weupe, ndiyo maana shati jeupe linawaka disko.

Mzee aliporudi nilimwonyesha zote mbili. Nikamwaga na kopo lote mezani: kila stempu ilikuwa inawaka, hata zile zenye mhuri wa posta wa miaka ya 1920, na zingine ziliwaka kwa madoa, pembeni kuliko katikati. Alikaa kimya, akavua miwani.

"Nilisema haraka," akasema.

Lakini hakusema kwamba ni ya kweli. Akanieleza kuwa wanaoghushi Tombeur mara nyingi wanachukua stempu ya kweli ya Kongo na kugonga neno la uongo juu yake. Hapo taa haisaidii hata karatasi ikiwa safi. Inabidi bingwa apime herufi moja moja na wino wake. Tena stempu iliyofuliwa bei yake imeshuka, hata ikiwa halali. Hakuinunua, na mimi sikumpa kopo.

Ninyi mnaotuhoji kwenye meza za usajili, na sisi tunaohojiwa, tunaijua taa hii. Mama aliwahi kutaja tarehe mbili tofauti za kuzaliwa kwangu, faili ikasimama miezi mingi. Tarehe moja ilikuwa ya siku niliyozaliwa, nyingine ya siku papa alipopata nafasi ya kwenda kuniandikisha. Taa haikusema uongo juu ya stempu ya papa, dawa ilikuwepo kweli. Ila hakuna aliyekuwa amemuuliza mama stempu ilipita wapi.

Minerval tunailipa kidogo kidogo, kutoka mshahara wangu. Stempu iko ndani ya daftari, haijulikani ni ya kweli au ya uongo.

Nilipopanda Kiziba, mama aliuliza kabla sijakaa, "Niliiharibu?"

Nikamwambia, "Uliitunza, mama. Ila siku nyingine maji matupu."

Akacheka, mara ya kwanza tangu nimtaje papa.