Amri na hiari

Bumu bado, kwa hiyo jana jioni tulikuwa ufukweni Malimbe tukila ugali na dagaa kwa mkopo. Mara ikazuka mada ya wanajeshi wa Marekani waliogoma chanjo ya korona.

Kwa wasiojua: Agosti 2021 waziri wao wa ulinzi, Lloyd Austin, aliamuru askari wote wachanjwe. Zaidi ya 8,000 waliokataa wakaondolewa. Januari 2023 amri ikafutwa, na Januari 27, 2025 Rais Trump akaagiza wanaotaka kurudi warudishwe, kwa vyeo vyao na mishahara ya nyuma.

Jamaa mmoja akang'aka: "Jeshini amri ni amri! Na yule aliyechanja huku hataki, yeye atalipwa nini?" Watu wakacheka. Mimi nikanyamaza.

Mama yangu ni nesi. Rais Samia alipozindua chanjo Julai 28, 2021, kwetu ilikuwa hiari. Mama aliogopa. Miezi ikapita, akauliza wenzake, mwisho akaenda mwenyewe. Hakuna aliyemfukuza. Angefukuzwa, mimi chuo ningekisikia tu redioni.

Ila jamani tuseme ukweli: askari analala bwenini na wenzake, na nesi naye anashika wagonjwa. Miezi ile yote mama aliendelea kuwashika.

Basi mimi nasema warudishwe, mkate wa mtu si mchezo. Lakini swali la jamaa limeninyima usingizi. Mtiifu naye apewe nini? Nikishika chaki nitaulizwa hilo darasani.

Nyie mnasemaje?