Saa ya Mashine na Saa ya Ukutani: Tuliyojifunza Juu ya Uchunguzi wa Makosa ya Kompyuta

Mwalimu wa shule ya msingi akisikia maneno “uchunguzi wa makosa ya kompyuta”, aghalabu hudhani kuwa hayo ni mambo ya polisi na mahakama, wala hayamhusu yeye mwenye chaki mkononi na watoto sitini mbele yake. Sisi nasi tulidhani hivyo, mpaka tulipomhukumu mtu asiye na kosa kwa ushahidi wa kompyuta. Katika makala haya tumekusudia kueleza kosa letu hilo, elimu tuliyoipata baadaye, na namna tunavyoitumia darasani. Twawaandikia wanachuo wa ualimu kwa sababu aliyeumia alikuwa mmoja wao.

Shule yetu ilikuwa na kompyuta moja ya mezani katika ofisi ya taaluma. Haikuunganishwa na intaneti. Alama za mitihani ya madarasa yote zilitunzwa humo, na walimu sita tuliitumia kwa zamu. Jumatano moja, mzazi wa mtoto wa Darasa la Sita alikuja na karatasi ya mtihani mkononi. Mwanawe alikuwa amepata alama 81 za Hisabati. Ripoti ilisema 34. Tulipoyatazama majina mengine tuliona kuwa karibu darasa zima lilikuwa na alama zisizo zake. Mmoja wetu akalichungulia faili, akasoma kwa sauti tarehe ya badiliko la mwisho: Ijumaa iliyopita, saa 10:20 alasiri.

Ijumaa ile, baada ya saa tisa, aliyebaki na ufunguo wa ofisi alikuwa mwalimu mwanafunzi mmoja, kijana aliyekuja kwetu kwa mazoezi ya kufundisha. Alikuwa akichapa azimio lake la kazi. Hatukuhitaji zaidi. Tulimwita kikaoni, tukamsomea tarehe na saa kama hakimu asomavyo hukumu. Akasema hakulifungua faili lile. Tukamwuliza, “Basi kompyuta inasema uongo?” Kijana hakuwa na jibu. Chuo chake kilipewa taarifa, na mazoezi yake yakakatizwa. Sisi tukaanza kusahihisha alama katika faili lilelile na kulihifadhi upya, tusijue kuwa kwa kufanya hivyo tulikuwa tukifuta nyayo zote. Bahati njema ni kwamba mmoja wetu alikuwa amelinakili katika flashi siku ya Jumanne, ili ripoti zikachapwe mjini.

Miezi minne baadaye wawili kati yetu tulipata nafasi ya kuhudhuria masomo ya jioni juu ya uchunguzi wa makosa ya kompyuta, yaliyotolewa kwa watu wasio mafundi. Mkufunzi alitufungulia somo kwa maneno haya: “Kabla hujagusa kitu, andika mashine inasema ni saa ngapi, na saa yako ya mkononi inasema ni saa ngapi.” Tulitazamana. Katika kikao chetu hakuna hata mmoja aliyefikiri kuiuliza mashine swali hilo.

Masomo yaliyofuata yalitufundisha mambo manne, nayo twayaeleza kwa ufupi.

La kwanza ni kutogusa. Mwanzoni mwa karne iliyopita Mfaransa Edmond Locard, aliyeanzisha maabara ya polisi mjini Lyon mwaka 1910, alifundisha kuwa kila vitu viwili vinapogusana, kila kimoja humwachia mwenzake athari. Kompyuta hali kadhalika: kuifungua na kuhifadhi faili tu kwaweza kubadili tarehe zilizomo. Kwa hiyo mchunguzi huichukua diski, huiunganisha kwa kifaa kinachoruhusu kusoma na kuzuia kuandika, kisha huifanyia nakala kamili. Hufanya kazi juu ya nakala, na asili huiweka chini ya ufunguo.

La pili ni kwamba kufuta si kuangamiza. Mtu afutapo faili, mara nyingi mashine huondoa tu habari ionyeshayo faili liko wapi, na kupaacha pale mahali pawe tayari kuandikwa kitu kingine. Ni kama kuchana kadi ya kitabu katika sanduku la orodha ya maktaba: kitabu chenyewe kingali rafuni mpaka kingine kiwekwe mahali pake. Katika diski nyingi za zamani faili lililofutwa laweza kurudishwa. Katika baadhi ya diski za kisasa zisizo na sehemu izungukayo, mashine husafisha mahali hapo mapema, na habari hupotea kabisa.

La tatu ni alama ya kidole ya faili. Kwa kanuni maalumu ya hesabu, faili lolote, liwe barua fupi au vitabu elfu, huweza kufupishwa kuwa tarakimu na herufi chache. Kanuni iitwayo SHA-256 hutoa alama 64. Ukibadili nukta moja tu katika barua, alama hizo hubadilika karibu zote. Mchunguzi huiandika alama hiyo siku apokeapo kielelezo, na siku ya kesi huipima tena. Zikilingana, yu radhi kuapa kuwa hakuna kilichobadilika.

La nne ni daftari. Kila aliyekishika kielelezo huandika jina lake, siku, saa, na alilolifanya. Mnyororo huo ukikatika mahali pamoja, mahakama ina haki ya kutia shaka.

Ili tuyaone mambo haya yakitenda kazi, mkufunzi alitusimulia habari ya Clifford Stoll. Huyu alikuwa mtaalamu wa nyota aliyehamishiwa katika kazi ya kompyuta kwenye maabara ya Lawrence Berkeley, California. Mwezi Agosti 1986 aliambiwa atafute sababu ya tofauti ya senti 75 katika hesabu za matumizi ya kompyuta. Wengi wangeziacha senti hizo zipite. Yeye alizifuata, akakuta kuwa kuna mtumiaji asiyejulikana, asiye na anwani ya kulipia. Hakumfungia mlango. Alikusanya mashine za kuchapa, akaziunganisha na nyaya zinazoingia, ili kila neno aliloandika mgeni lichapwe karatasini pasipo yeye kujua. Aliandika daftari siku kwa siku. Na mgeni alipokuwa akiondoka upesi mno hata simu yake isiweze kufuatiliwa, Stoll alitunga nyaraka bandia za ulinzi, ndefu na za kuvutia, ili mwizi akae akizisoma. Kwa njia hiyo alifuatiliwa mpaka Hannover, Ujerumani Magharibi. Jina lake Markus Hess. Yeye na wenzake walikuwa wakiuza habari kwa shirika la ujasusi la Urusi ya Kisovieti, KGB, na mwaka 1990 mahakama ya Ujerumani Magharibi iliwatia hatiani.

Wenzetu wengi husifu mtego ule wa nyaraka. Sisi kilichotugusa ni miezi ya kungoja. Kwa muda mrefu Stoll hakujua adui yake ni nani, wala hakulitaja jina la mtu yeyote kwa kubahatisha. Sisi tulimtaja mtu wetu kwa dakika tano.

Tuliporudi shuleni tulifanya jaribio moja. Alhamisi jioni tuliilinganisha saa ya kompyuta na saa ya ukutani. Tukaizima saa 10:15, kisha tukazima swichi kuu ya umeme kama ilivyo desturi yetu kila jioni. Kesho yake saa 1:40 asubuhi tuliiwasha. Saa ya ukutani ilisema saa 1:41. Ya kompyuta ilisema saa 10:16, alasiri ya jana. Betri ndogo inayoiendesha saa wakati mashine imezimwa ilikuwa imechoka. Usiku kucha saa ilisimama, na asubuhi ikaendelea pale ilipoachia. Hapo mwenzetu mmoja akakumbuka kuwa muhula ule alikuwa ameirekebisha tarehe mara kadhaa, akidhani ni kwa sababu ya umeme kukatika, wala hakuona haja ya kumwambia mtu.

Basi ile Ijumaa saa 10:20 alasiri ilikuwa Jumatatu asubuhi. Tukaifungua nakala ya flashi. Majina yalikuwa yamepangwa kwa mfuatano wa alfabeti, lakini alama zilibaki katika mpango wa zamani wa namba za uandikishaji. Tulizijumlisha: jumla ilikuwa ileile iliyo katika orodha ya karatasi. Hapana alama iliyoongezwa wala kupunguzwa. Kila mtoto alikuwa amevikwa tu alama ya jirani yake. Kosa la jinai halikuwapo. Mwalimu mkongwe kuliko sote akainamisha kichwa. Jumatatu ile ndiye aliyeyapanga majina ili orodha ipendeze, akasahau kuyachukua pamoja na alama zake.

Tuliandika barua kwa chuo, na nyingine kwa kijana mwenyewe. Alikuwa akingoja kurudia mazoezi pamoja na kundi la mwaka uliofuata. Alitujibu kwa adabu, kwa mistari mitatu. Mwaka wake hatukuweza kumrudishia.

Tusidhani kuwa jambo hili huwapata walimu wa shule moja tu. Huko Uingereza, baada ya Posta kuanza kutumia mfumo wa hesabu uitwao Horizon mwaka 1999, mashine ilionyesha upungufu wa fedha katika vituo vingi vya posta. Wasimamizi wa vituo hivyo waliambiwa ni wezi. Kati ya mwaka 1999 na 2015 zaidi ya 900 walitiwa hatiani, wengine walifungwa. Mwezi Desemba 2019 Mahakama Kuu iliamua kuwa mfumo wenyewe ulikuwa na kasoro ziwezazo kuzusha upungufu huo, na mwaka 2024 Bunge likapitisha sheria ya kufuta hukumu zao. Stoll aliziona senti 75 akauliza, “Zimetoka wapi?” Hawa waliona upungufu wakauliza, “Ameiba nani?” Tofauti ya maswali hayo mawili ndiyo tofauti ya uchunguzi na shutuma.

Kwetu Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamtia hatiani mtu abadiliye taarifa za kompyuta kwa makusudi na bila haki. Hivyo kumnyoshea mwenzako kidole katika jambo hili si neno dogo. Na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka huohuo inaitaka mahakama, ipimapo ushahidi wa kompyuta, itazame kama njia iliyotumika kuutengeneza na kuutunza yaaminika. Ikiwa hakimu ametakiwa kuwa na hadhari hiyo, walimu katika kikao cha ofisini wamepata wapi ruhusa ya kuiacha?

Sasa tuseme juu ya darasa. Mafundisho haya yaweza kutolewa Darasa la Tano na la Sita pasipo kompyuta hata moja. Sisi hutumia mazoezi mawili.

Zoezi la kwanza ni la safu mbili. Kabla ya kipindi, mwalimu hubadili vitu vichache darasani: kiti kimehama, dirisha limefunguliwa, chaki imevunjika. Wanafunzi huingia wasiguse kitu. Kila mmoja huchora mstari katikati ya ukurasa. Upande wa kushoto huandika “Niliyoyaona”, na wa kulia “Ninayoyadhani”. Mtoto akiandika kushoto, “Juma amevunja chaki”, mwalimu asimkemee, amwulize tu, “Ulimwona?” Baada ya vipindi viwili watoto wenyewe huulizana swali hilo, na mara nyingine hutuuliza sisi.

Zoezi la pili ni la alama ya kidole. Kila herufi hupewa namba kwa mfuatano wa herufi 26 za Kirumi: a ni 1, b ni 2, na kuendelea. Watoto hujumlisha namba za neno “lima”: 12 na 9 na 13 na 1, jumla 35. Kisha hupewa neno “mali”. Jumla ni 35 vilevile, ijapokuwa neno ni jingine. Waache washangae, kisha waulize dawa yake. Hatimaye mmoja hugundua, au mwalimu hudokeza, kuwa kila namba izidishwe kwa nafasi ya herufi katika neno. Sasa “lima” hutoa 73 na “mali” hutoa 87. Mtoto amekwisha kufahamu kwa nini jumla peke yake haitoshi kulinda maandishi. Kila tufundishapo zoezi hili twazikumbuka alama za Darasa la Sita, ambazo jumla yake haikubadilika na hali kila moja ilikuwa kichwani pa mtoto mwingine.

Mwalimu mtarajiwa, siku moja fedha ya daftari itapotea darasani kwako, na macho yote yatamgeukia mtoto mmoja. Huenda kukawa na mashine ofisini iliyo tayari kutaja saa na dakika. Isikilize, maana ni shahidi. Lakini shahidi huulizwa maswali. Andika uliyoyaona. Usikiguse ulichokikuta. Kisha, kabla hujalitaja jina la mtu, inua macho uitazame saa ya ukutani.