Jembe na Kiti

Msomaji wangu kijana, kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya na kuyafanya jambo moja. La kwanza ni kufanya kazi. La pili ni kuiamulia kazi. La kwanza nitaliita jembe na la pili nitaliita kiti. Mtu akisema kwamba wanawake wa siku hizi wanataka kazi kama wanaume, husema neno la kushangaza, maana jembe halikupata kumtoka mwanamke mkononi tangu zama za mababu. Alichonyimwa ni kiti. Katika insha hii nataka tukitazame kiti hicho, tujue kina faida gani na kwa nini ni vigumu kukifikia.

Mimi nimezaliwa Jego, kijiji kilicho kando ya njia itokayo Lunga Lunga kwenda Vanga, kusini kabisa mwa pwani ya Kenya, karibu na mpaka wa Tanzania. Mto Umba, uanzao katika milima ya Usambara, huingia baharini upande wetu huo. Ukitaka kujua maana ya kazi, fika huko wakati wa mpunga. Utamkuta mwanamke amezama magotini katika tope akipandikiza miche. Rudi baadaye, utamkuta akipalilia. Rudi tena, utamkuta juani akiamia ndege tangu alfajiri hata magharibi. Mwisho utamkuta akivuna, akipura, akipepeta na kutwanga. Mama yangu aliyafanya hayo yote na mtoto mgongoni, na shamba lilipopumzika alisuka makuti ya kuuza. Lakini mpunga ulipokwisha kuingia guniani, habari yake iliondoka shambani ikaenda barazani. Huko wanaume ndio waliopanga bei, ndio waliochagua mnunuzi, na ndio waliohesabu fedha. Mama alipelekewa hesabu ikiwa imekwisha.

Teremka mpaka pwani ukatazame samaki. Vyombo vikirudi kutoka baharini, samaki wakubwa aghalabu huchukuliwa na matajiri, ndio wachuuzi wenye mizani, barafu na magari. Samaki wadogo huwafikia wanawake ambao watu wa pwani yetu huwaita mama karanga. Wao huwakaanga kwa mafuta na kuwauza mitaani. Hakuna awezaye kusema kwamba mama karanga hafanyi kazi. Moto wa kuni humwunguza uso kila siku. Lakini mwenye kushika mizani ndiye mwenye kutaja bei, na mama karanga huipokea bei hiyo kama watu wapokeavyo mvua au jua.

Labda utadhani jambo hili limetokana na desturi ya kuhesabu ukoo kwa upande wa baba. Sivyo. Wadigo wa zamani walihesabu ukoo kwa upande wa mama, na mali ya mtu ilirithiwa na watoto wa dada yake. Kwa muda mrefu desturi hiyo ilishindana na sheria ya mirathi ya Kiislamu, mpaka ikapungua nguvu. Katika desturi hiyo mwanamke alikuwa shina la ukoo. Hata hivyo, ufunguo wa mali ulikuwa mkononi mwa mjomba. Ukoo ulipita kwa mama, amri ikakaa kwa ndugu yake wa kiume. Waonaje, msomaji? Mtu aweza kuwa shina la mti na asiulizwe matunda yauzwe kwa bei gani.

Nilipotoka Jego kwenda kufanya kazi Mombasa nilidhani nimeyaacha hayo nyuma. Mama alikuwa amenisomesha kwa fedha za makuti, nami nikajifunza uhasibu, nikaajiriwa katika kampuni moja ambayo sitaitaja jina. Nilifanya kazi miaka tisa katika chumba cha hesabu. Katika miaka hiyo mkuu wa chumba alibadilika mara tatu, na kila mara aliletwa kijana mwanamume, nami nikaambiwa nimfundishe. Niliwafundisha vema, kwa kuwa wao hawakuwa na kosa. Walikuwa watu wenye adabu, na mmoja wao hakuacha kunishukuru mpaka siku alipohamishwa. Kiti kilipokuwa wazi kwa mara ya nne niliandika barua ya kukiomba. Nilitaja miaka yangu, kazi yangu na watu niliowafundisha. Niliitwa, nikaambiwa kwa upole kwamba kazi ile ina safari nyingi, na mimi nina mume na watoto. Niliuliza swali moja tu: katika wale watatu waliotangulia, ni yupi aliyekuwa hana mke wala watoto? Wakubwa wale walitazamana. Hakuwapo hata mmoja. Baada ya mwezi nilipewa kiti kile kwa majaribio ya nusu mwaka, ingawa wale watatu hawakujaribiwa hata siku moja.

Siyaelezi haya ili nisifiwe. Nayaeleza ili nikwambie nilichokiona nilipoketi. Mkuu wa chumba ndiye aliyekuwa na ufunguo wa daftari la mishahara, ambalo sisi wa chini hatukuruhusiwa kulifunua. Nililifunua, nikaona makarani wawili, mwanamume na mwanamke, waliosoma sawa, walioajiriwa mwaka mmoja, wanaofanya kazi ile ile. Na mshahara wa mwanamume ulimzidi mwenziwe kwa theluthi nzima. Nikapekua zaidi nikaona hawakuwa hao peke yao. Wanawake wale hawakujua. Wangejuaje? Kila mmoja alikuwa akiona bahasha yake tu. Sasa Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka wa 2007, katika kifungu chake cha 5, humtaka mwajiri alipe ujira sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Nilichukua daftari kwa mkono mmoja na sheria kwa mkono wa pili nikaingia kwa wakurugenzi. Hawakufurahi. Mashauri yalichukua miezi minane, na mwisho mishahara ikarekebishwa. Wale waliokuwa wamekwisha kuondoka kazini hawakupata kitu.

Basi hiyo ndiyo faida ya kiti, msomaji wangu. Mtu akikitaka kwa ajili ya kuitwa mkubwa, ametaka jambo dogo. Kinastahili kutakwa kwa sababu daftari limewekwa mbele yake. Mahali ambapo wanawake hawamo katika chumba cha maamuzi, dhuluma yaweza kudumu miaka mingi bila mtu mbaya kuikusudia, kwa kuwa hakuna aliyemo ndani ambaye inamuuma.

Wako watu wasemao, "Sheria zimekwisha kutungwa, wanawake wanataka nini tena?" Hebu tuzitazame. Sheria ya ajira ya mwaka wa 1976 ilimpa mwanamke aliyejifungua likizo ya miezi miwili, kisha ikamnyima likizo yake ya mwaka, kana kwamba kuzaa ni kupumzika. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani juu ya ujira sawa ulifanywa mwaka wa 1951, nasi tuliuridhia mwaka wa 2001. Nusu karne ilipita hapo katikati. Sheria ya mwaka wa 2007 ikampa mama miezi mitatu yenye mshahara kamili bila kupoteza likizo ya mwaka, na ikampa baba majuma mawili. Katiba ya mwaka wa 2010 ikaongeza kwamba katika vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa watu wa jinsia moja wasizidi theluthi mbili.

Hizi ni sheria njema, lakini sheria ni mbegu, na mbegu haijioteshi katika ghala. Mwaka wa 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais avunje Bunge kwa kuwa halikutunga sheria ya kutimiza kanuni ile ya theluthi mbili. Bunge halikuvunjwa, na Bunge lililochaguliwa mwaka wa 2022 nalo halikuifikia kanuni hiyo.

Mfano mwingine unatuhusu sisi watu wa Kwale. Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 huwataka waajiri watenge mahali pa kina mama kunyonyesha kazini. Mwezi wa Agosti mwaka wa 2019 Zuleikha Hassan, aliyekuwa mwakilishi wa wanawake wa Kaunti ya Kwale, aliingia katika ukumbi wa Bunge la Taifa na mtoto wake wa miezi mitano, akiwa hana mahali pa kumwacha siku hiyo. Aliamriwa atoke. Waliomtoa walisema kweli kwamba kanuni za ukumbi humkataza mtu asiye mbunge kuingia, hata awe mtoto mchanga. Lakini jiulize: kanuni zile ziliandikwa na watu waliodhani kwamba mbunge ni mtu wa namna gani? Bila shaka walidhani ni mtu ambaye mtoto wake amebaki nyumbani na mtu mwingine. Ndivyo yalivyo mahali pengi pa kazi. Hapana bango mlangoni lisemalo kwamba mwanamke asiingie. Saa za mikutano, safari na kanuni zimeshonwa kwa kipimo cha mtu mwingine, na mwanamke akilivaa vazi hilo likambana, huambiwa kwamba mwili wake ndio wenye kasoro.

Husemwa pia kwamba wanawake wenye uwezo hawapatikani. Norwei ilipopitisha mwaka wa 2003 sheria ya kutaka wanawake wafike 40 katika kila wakurugenzi 100 wa makampuni makubwa ya hisa, wako waliolalamika kwa maneno hayo hayo. Ilipofika mwaka wa 2008 makampuni hayo yalikuwa yametimiza sheria. Wanawake walipatikana, kwa kuwa sasa walitafutwa. Huku kwetu Mary Okelo alikuwa meneja wa tawi la benki ya Barclays nchini Kenya mwaka wa 1977, wakati ambapo mwanamke aliyetaka mkopo aliulizwa kwanza habari za mumewe. Baadaye alishiriki kuanzisha Kenya Women Finance Trust, chama cha kuwakopesha wanawake. Hakukikalia kiti peke yake. Nasim Devji alikabidhiwa uongozi wa Diamond Trust Bank mwaka wa 2001, na katika nchi jirani ya Tanzania Ruth Zaipuna alikabidhiwa benki ya NMB mwaka wa 2020. Katika siasa, wanawake waliochaguliwa kuwa magavana katika kaunti 47 za Kenya hawakuwapo mwaka wa 2013; walikuwa 3 mwaka wa 2017, na 7 mwaka wa 2022. Mmoja wa hao 7 ni Fatuma Achani, aliyechaguliwa na watu wa Kwale, nasi wa Jego tumo katika hao waliopiga kura. Na kwa wale wasemao kwamba dini haipendi mwanamke awe na amri ya mali, nawakumbusha Bibi Khadija binti Khuwaylid wa Makka, aliyekuwa mfanyabiashara mwenye misafara yake, aliyewaajiri wanaume wamsafirishie bidhaa, na mmoja wao alikuwa Mtume Muhammad kabla ya utume wake.

Sasa nakurudia wewe, msomaji, kwa kuwa mambo haya hayangoji mpaka uajiriwe. Yamo katika shule yako hivi leo. Tazama vyama vyenu vya wanafunzi: nani ni mwenyekiti, na nani daima hufanywa mwandishi kwa sababu ana hati nzuri? Wageni wakija, nani husoma hotuba na nani huandaa chai? Hapo ndipo desturi ya kampuni inapofundishwa, miaka mingi kabla ya mshahara wa kwanza.

Wewe msichana, jifunze hesabu, kwa maana asiyejua kusoma daftari hawezi kulidai. Ukistahili kiti, kiombe kwa maandishi, na usingoje mtu akukumbuke. Ukinyimwa, uliza sababu, na uitake sababu hiyo ipimwe kwa mizani ile ile waliyopimiwa wengine. Ukikipata, fungua daftari kwanza kabla ya kupokea pongezi.

Nawe mvulana, usidhani kwamba insha hii imeandikwa dhidi yako. Mama anayepunjwa ujira ni mama yako, na karo inayopungua ni yako. Jifunze kupika, kufua na kulea, kwa kuwa mwanamke hawezi kukaa kitini kwa utulivu ikiwa mzigo wote wa nyumba unamngoja yeye peke yake. Siku utakapoletwa kuwa mkuu wa chumba, na mwanamke akawekwa akufundishe kazi, muulize amekuwako hapo miaka mingapi. Kisha mwulize aliyekuleta kwa nini hakuanza na huyo. Swali hilo laweza kukugharimu kiti chako, nami sitakuficha jambo hilo. Lakini ni swali ambalo wanaume wachache wameliuliza, na lingeulizwa mapema mimi nisingefundisha watu watatu kabla ya kuketi.