Goti la Mama na Hesabu za Bima

Leo naweka kando habari za programu na seva. Goti la kulia la mamangu limechakaa. Gegedu imekwisha, mifupa inasuguana, na daktari amesema dawa za maumivu zimefika mwisho: ni kuwekewa goti bandia. Kwa vile mimi ndiye mtu wa kompyuta nyumbani, nilikabidhiwa mkataba wa bima niusome.

Ukurasa wa kwanza unapendeza: shilingi milioni 2 kwa mwaka kwa aliyelazwa. Ndugu zangu wakapumua. Mimi nikaendelea kufunua. Ukurasa wa 14, maradhi sugu, kikomo laki 5. Ukurasa wa 19, viungo bandia, laki 3, tena ndani ya hizo laki 5. Aliyewahi kuandika programu ataelewa mara moja: vikomo havijumlishwi, kinachoshinda ni kile kidogo. Hizo milioni 2 ni pambo.

Hospitali imekadiria 850,000. Kati ya hizo, 380,000 ni goti lenyewe: kifuniko cha kobalti na kromu kwenye mfupa wa paja, bamba la titaniamu juu ya muundi, plastiki ngumu katikati, na saruji ya mifupa. Zinazobaki ni za daktari wa mifupa, wa usingizi, thieta na kitanda. Bima italipa 500,000 basi. Na mazoezi ya viungo baada ya kutoka? Hayo yanakatwa kwenye mfuko wa wagonjwa wa nje, ambao mama ameshautumia karibu wote.

SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, inakata asilimia 2.75 ya mshahara, lakini hulipa kwa viwango vyake ilivyopanga, si kwa bili ya hospitali. Kwa hiyo tumeitaka hospitali ituandikie kiasi itakachopunguza.

Kaka anasema tungoje Januari bima ianze upya. Ya nini? Kikomo kitarudi kile kile, na mama atazidi kuchechemea. Utafiti uliotoka 2019 katika jarida la Lancet ulikadiria kwamba magoti bandia kama 82 kati ya 100 hudumu miaka 25. Mama ana miaka 66.

Tumeshaanza kuchanga hizo laki 3 na nusu. Barua ya idhini ya bima nimeiomba kwanza, kabla hatujalipa hata senti ya kitanda.