Kwa Mtumbwi Katika Mto Tana: Kutoka Garissa Mpaka Kipini

Mto Tana ndio mrefu kupita mito yote ya Kenya, nao ni karibu kilomita 1,000. Chanzo chake ni vijito vya Mlima Kenya na vya milima ya Nyandarua, kisha hushuka nyikani mpaka kuingia Bahari ya Hindi karibu na mji wa Kipini. Tangu zamani sehemu yake ya chini imekuwa njia ya Wapokomo, ambao hulima kingoni mwake na kusafiri kwa mitumbwi ya gogo moja. Mtu atakaye kuufuata mto huo mpaka pwani aweza kufanya hivyo, lakini akiipanga safari yake kwa ramani peke yake ataingia hatarini. Mto hupangiwa safari kwa majira yake, na kwa maneno ya wale wakaao kando yake.

Jambo la kwanza ni mahali pa kuanzia. Huko juu mto umefungwa kwa mabwawa matano ya umeme: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. La kwanza, Kindaruma, lilianza kazi mwaka 1968, na la mwisho, Kiambere, mwaka 1988. Chini ya mabwawa hayo yako maporomoko ya Adamson na miamba ya Kora, mahali pasipofaa mtumbwi. Kwa hiyo yafaa kuanzia Garissa. Kutoka hapo hakuna maporomoko tena, ila mto hupindapinda sana, hata mwendo wa maji ni mrefu kuliko ule wa barabara. Afadhali msafiri aongeze siku kuliko kupunguza akiba ya chakula.

Jambo la pili, nalo ni kubwa kuliko yote, ni majira. Mvua za masika na za vuli zinyeshazo milimani hufika Garissa baada ya siku kadhaa. Basi mtu aweza kutazama mbingu isiyo na wingu hata moja, kumbe mafuriko yako njiani. Tena mabwawa yakijaa, maji hufurika kuelekea chini. Mwezi wa Aprili 2024, mto ulipokuwa umefunika barabara karibu na Garissa, mashua iliyojaa abiria ilizama, na watu wakafa. Kwa hiyo msafiri asiondoke kabla ya kusikiliza habari za mvua za milimani na za mabwawa. Wakati mwema ni baada ya mafuriko kupungua, kabla kiangazi hakijazidi. Kwa maana kikizidi, mtumbwi hukwama katika mafungu ya mchanga.

Jambo la tatu ni mtumbwi wenyewe na mtu wa kuuongoza. Mtumbwi wa gogo ni mzito na imara, lakini hupinduka upesi mizigo ikipangwa vibaya. Mizigo ilazwe chini, katikati, nayo ifungwe. Kafi, upondo na kopo la kutolea maji visikosekane, wala chandarua na sufuria ya kuchemshia maji ya kunywa. Mgeni hana budi kumwajiri kijana mwenyeji, kwa sababu mkondo huhama baada ya kila mafuriko, na pale palipokuwa na kina mwaka jana huenda leo pana mchanga mtupu.

Kiboko na mamba ni wengi. Mchana kiboko hukaa katika vilindi, kwa hiyo mtumbwi upite mbali nao. Usiku hutoka kula majani, basi hema lisipigwe katika njia yake. Maji yasichotwe ukingoni wakati wa magharibi, wala mtu asioge mahali asipoonyeshwa na wenyeji. Ziko pia njia ziitwazo malka, ambazo Waorma na Wasomali huzitumia kupeleka mifugo mtoni. Mtumbwi usifungwe malkani. Ng'ombe wenye kiu hawangoji.

Kati ya Hola na Garsen msafiri atapita kando ya misitu mirefu. Humo wamo kima wa aina mbili wasiopatikana porini mahali pengine popote duniani, nao walitengewa hifadhi mwaka 1976. Baada ya Garsen nchi ni tambarare na mto hugawanyika. Hapo hata kijana wa juu huwa mgeni, na ni vema kumchukua mwenyeji mwingine. Karibu na Kipini maji ya bahari hupanda na kushuka mtoni. Safari ifuate maji yanapokupwa, na mtumbwi ufungwe mjini, wala usipelekwe mlangoni penye mawimbi.

Limesalia shauri moja ambalo wengi hulisahau, nalo ni marejeo. Kuurudisha mtumbwi juu dhidi ya mkondo ni kazi ya siku nyingi kwa upondo. Kabla ya kuondoka, mwenye mtumbwi na msafiri wapatane kama utauzwa pwani au utarudishwa, na ni nani atakayelipa ujira wa vijana na nauli yao ya kurudi kwao. Patano hilo likitimizwa, msafiri mwingine atakayekuja Garissa hatanyimwa mtumbwi.