Mara ya Mwisho Alikuwa Mzima Saa Ngapi?

Mimi ni daktari wa kitengo cha dharura katika hospitali ya mkoa hapa Tanzania. Natoa ushuhuda huu kwa sababu nimeona kwa macho yangu elimu ya kiharusi ikiokoa watu hata pale dawa zinapokosekana.

Nilipoanza kazi, kiharusi kilihesabiwa kuwa ugonjwa wa wodini. Mgonjwa anafika mdomo umepinda, mkono umelegea, ulimi mzito. Anapimwa presha, anaandikiwa kitanda, foleni inasonga. Ajali ndizo zilizotukimbiza. Ndugu nao wengi walikuja wamechelewa, wameanzia kwa mganga wakiamini mgonjwa wao katupiwa jini.

Kilichonigeuza ni mafunzo ya tiba ya dharura, taaluma ambayo kwetu bado ni changa. Idara yake pale Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilifunguliwa mwaka 2010. Humo nilifundishwa kwamba mshipa mkubwa wa ubongo ukiziba, seli za fahamu zipatazo milioni 1.9 hufa kila dakika. Nikafundishwa kwamba utafiti wa mwaka 1995 ulithibitisha dawa ya kuyeyusha bonge la damu humpunguzia mgonjwa ulemavu akiipata ndani ya saa 3, na mwaka 2008 muda huo ukaonekana unaweza kufika saa 4 na nusu. Kufikia 2015 ilishadhihirika kwamba kwa baadhi ya wagonjwa bonge huweza kuvutwa kwa mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya mishipa.

Tangu hapo, swali langu la kwanza kwa ndugu ni hili: mara ya mwisho mlimwona mzima saa ngapi? Saa aliyokutwa ameanguka haitoshi. Aliyeamka amepooza, muda wake unahesabiwa tangu alipoonekana mzima kabla ya kulala. Jibu hilo ndilo linaloamua kama rufaa kwenda hospitali kubwa iondoke sasa hivi.

Kwetu dawa ya kuyeyusha bonge la damu hakuna. Lakini yako mengi yanayohitaji ujuzi tu. Bibi mmoja alimleta mumewe kwa bajaji, upande wa kulia hauna nguvu. Nilipomwamkia aliitikia kwa sauti ya kukata tamaa: "Marahaba mwanangu. Baba yenu ndiyo kapooza hivyo, tumeshauriwa akasomewe." Kabla ya lolote nilimtoboa mzee kidole. Sukari ilikuwa imeshuka hadi 1.8. Alikuwa amechoma insulini bila kula. Tulimpa glukosi kwenye mshipa, na haukupita muda mrefu akainua mkono uleule, akauliza yuko wapi. Sukari ikishuka namna hiyo huigiza kiharusi, na ikiachwa huua ubongo. Kuligundua hilo kunahitaji tone moja la damu na daktari anayejua kulitafuta.

Nimejifunza pia kutoikimbilia presha. Mshipa ulioziba huacha ubongo ukitegemea presha ya juu kupitisha damu kwenye njia ndogo zilizobaki. Kidonge cha chini ya ulimi kinachoishusha ghafla huongeza sehemu inayokufa. Mgonjwa wa aina hiyo asiyepewa dawa ya kuyeyusha, kwa kawaida presha yake haishushwi siku ya kwanza mpaka ipite 220 kwa 120. Aspirini nayo inasubiri picha ya CT, kwa sababu kwa kumtazama tu huwezi kutofautisha mshipa ulioziba na uliopasuka. Na hakuna uji wala maji mpaka tupime kama anameza vizuri, maana chakula kikiingia mapafuni huleta nimonia, na nimonia huwaua wengi walionusurika kiharusi chenyewe.

Namshukuru Mungu na walimu wangu. Leo kila daktari na muuguzi mpya anayeingia kwenye kitengo chetu, haya ndiyo ya kwanza tunayomfundisha, na namwomba kila daktari wa zamu popote alipo ayadai kama haki ya wagonjwa wake.

Nanyi mlio nyumbani, mkiona mdomo umepinda, mkono mmoja unashuka, au maneno hayaeleweki, tazameni saa. Msimpe chai, msimpe kidonge, msisubiri kupambazuke. Mleteni hospitali muda huohuo, pamoja na yule aliyemwona mzima mara ya mwisho.