Mashine ilimeza hisa za Bibi, nikakosa usingizi siku sita

Mwenzako nimetoka kwenye kizaazaa ambacho sitakisahau, na wala si cha mapenzi, maana najua mawazo yako yameshakwenda huko. Ni kizaazaa cha kompyuta. Usicheke kwanza.

Mimi ni katibu wa kikoba cha akina mama hapa mtaani kwetu Mbagala. Tuko 24, tunakutana kila Jumamosi saa kumi jioni, hisa moja shilingi 5,000, na mtu haruhusiwi kununua zaidi ya hisa tano kwa wiki. Fedha zinakaa kwenye sanduku la chuma lenye kufuli tatu, funguo wanazo watu watatu, sanduku lenyewe analo wa nne. Kwa hiyo kuiba hela za kikoba si kazi ya mtu mmoja. Lakini hesabu, yaani nani ana hisa ngapi, nani kakopa na nani karejesha, hizo zilikuwa kwangu, ndani ya kaunta buku lililokuwa linanuka vitunguu kwa sababu nililiweka jikoni.

Mwaka 2023 mwanangu wa pili akaniambia, "Mama, dunia imekwenda mbali, nunua kompyuta." Nikaona kweli, hata mimi nionekane wa kisasa. Tukaenda Kariakoo, tukanunua ya mezani, mtumba kutoka Marekani, monita nikaipakata kwenye bajaji nimeifunga kwa khanga kama mtoto mchanga. Muuzaji alisema, "Mama yangu, hiyo ni kuchomeka tu."

Basi nikachomeka. Paaa! Moshi ukatoka kwa nyuma, nyumba nzima giza, mume wangu aliyekuwa amejilaza sebuleni akasimama bila kujua anakimbilia wapi. Kumbe bwana, nyuma ya lile boksi, pale unapoingia waya wa umeme, kulikuwa na kiswichi chekundu kidogo kama ukucha, kimeandikwa 115. Ukikisukuma upande wa pili kinasoma 230. Umeme wa majumbani kwa Wamarekani ni volti 120, wetu sisi ni 230, na kile kiswichi kilikuwa bado kiko kwao. Pawa saplai ikaungua palepale. Mungu saidia vilivyobaki vilipona, nikanunua pawa saplai nyingine kwa shilingi 45,000 na matusi ya mume wangu nikapewa bure. Mashine nyingi za siku hizi hazina kiswichi hicho, zinajipima zenyewe, lakini mtumba una mambo yake, na wewe ukinunua geuza boksi kwanza uangalie mgongo.

Baada ya hapo nikala raha. Mwanangu akanifundisha Excel, nikaandika majina yote 24, hisa zinajijumlisha zenyewe, faida inajigawa yenyewe. Wenzangu wakaanza kuniita Mama Kompyuta. Na mimi kichwa kikavimba, sikatai.

Masika ya mwaka 2025, bibi mmoja mwenzetu, muuza vitumbua, nyumba yake iliingia maji. Kitabu chake cha hisa, kile tunachogonga mihuri, kikaloa hadi kikawa uji. Akaja kwangu ana wasiwasi. Nikamjibu kwa majivuno yangu, "Shikamoo bibi. Wala usihangaike na kitabu, wewe umo ndani ya mashine." Bibi wa watu akaitikia marahaba, akaamini. Hatukumpa kitabu kingine. Weka maneno hayo akilini.

Sasa kufika Novemba ile kompyuta ikawa imezeeka kweli. Ukiiwasha unakwenda kuosha vyombo, ukirudi bado inajikuna. Saa yake nayo ilishaharibika. Nikizima ukutani, kesho yake inaamka inasema ni tarehe 1 Januari 2012 na inanitaka nibonyeze F1 ndipo iendelee. Mimi nabonyeza, naendelea, nani ana habari na tarehe?

Mwanangu yuko mkoani siku hizi, kwa hiyo nikaita fundi, kijana wa watu, mpole, ana heshima zake. Akaniambia Windows 11 mashine yangu haiiwezi, prosesa yake ni ya kale na haina kidude cha usalama kinachoitwa TPM 2.0. Windows 10 niliyokuwa nayo, Microsoft waliacha kuihudumia bure tarehe 14 Oktoba 2025. Lakini kwa kuwa mashine yangu intaneti haiijui, akasema tuibakishe hiyohiyo, ila tuongeze ramu, tutoe hadi diski ya zamani tuweke ya kisasa, ile wanayoiita esiesidi, ambayo ndani haina sahani inayozunguka na ndiyo maana ina kasi. Na betri ya saa, kale kaduara kama sarafu, atanibadilishia pia.

Alikuja Jumanne tarehe 2 Desemba. Ramu ya kwanza aliyoleta ilikuwa ya laptopu, fupi, haikuingia. Akarudi na ya mezani, nayo ikagoma, maana yangu inataka DDR3 yeye kaleta DDR4 na pengo lake liko mahali pengine. Ya tatu ikaingia, lakini mashine ikawa inalia pi-pi, inanyamaza, pi-pi. Nilidhani ndiyo inakata roho. Fundi akacheka, akachukua ufutio wa penseli wa mjukuu wangu, akasugua meno ya ile ramu, akairudisha na kuikandamiza mpaka ikalia "ka" pande zote mbili. Ikawaka. Nikampigia makofi.

Ndipo akaniuliza, "Mama, kwenye hii diski ya zamani kuna kitu cha maana?"

Nikamjibu, "Hamna baba, nyimbo za taarabu tu. Kazi zangu zote ziko kwenye Excel."

Msomaji, mimi nilijua hesabu zinakaa ndani ya Excel, kama sukari ndani ya kopo. Nilijua akiweka Excel mpya, hesabu zitakuja nayo. Yule kijana naye hakuuliza mara ya pili. Akasema kama siitaki atanipunguzia shilingi 15,000 kwenye bili aondoke nayo. Nikafurahi. Nikamsindikiza mpaka barabarani.

Usiku nikafungua Excel. Nyeupe pee! Nikafunga, nikafungua. Nyeupe. Nikampigia mwanangu, akakaa kimya muda, halafu akasema, "Mama, Excel ni kalamu. Daftari umempa fundi."

Kikoba kilikuwa kinavunjwa Jumamosi ya tarehe 13. Nikampigia fundi, simu haipatikani. Jumatano haipatikani. Alhamisi haipatikani. Ijumaa ikabidi nimweleze mwenyekiti, na mwenyekiti akamweleza mweka hazina, na mweka hazina ana mdomo. Jumamosi kwenye kikao nikasikia nyuma yangu mtu anasema, "Kompyuta ilinunuliwa ya nini kama si kutulia hela zetu?" Watu 23 walikuwa na vitabu vyao, mihuri ipo, tungeweza kujumlisha. Asiye na kitabu alikuwa mmoja tu. Alikaa pembeni na beseni lake, hakusema lolote. Tulipotoka akanishika mkono, akaniambia, "Mwanangu, mjukuu wangu anaingia kidato cha kwanza Januari. Zile ndizo za sare na daftari." Afadhali angenitukana.

Jumapili nikafunga safari mpaka Tandika, nikaulizia kibanda kimoja kimoja. Nikamkuta. Simu yake ilikuwa imeibiwa kwenye daladala, hakuwa na ubaya wowote. Diski? Alikuwa ameshaifomati na kumuuzia jamaa anayefunga kamera za ulinzi. Miguu ikaisha nguvu, nikakaa kwenye ndoo.

Tukaenda kwa huyo jamaa. Bahati ya mtende, mteja wake hakuwa amemalizia hela, diski ilikuwa bado mezani. Ingeshafungwa kwenye mashine ya kamera, ningekuwa nimekwisha, maana zile zinarekodi mchana na usiku na zinaandika juu ya kila kitu. Fundi akanieleza kuwa aliifomati kwa haraka tu. Ni sawa na kuchana ukurasa wa yaliyomo kwenye kitabu, kurasa nyingine zimo ila kitabu hakijui kipi kiko wapi. Kinachoua ni kuandika vitu vipya juu yake. Akasema ingekuwa esiesidi tungelia, kwa sababu nyingi zikishafutwa hujisafisha zenyewe.

Diski tukainunua tena kwa 25,000, mimi niliyeiuza kwa 15,000. Tukaichomeka kwenye kompyuta yake, akaweka programu ya kufufua mafaili, yanayopatikana yakawa yanakwenda kwenye diski nyingine, siyo hiyohiyo. Akaazima yupiesi kwa jirani kwa kuhofia umeme. Usiku kucha. Asubuhi yakatoka mafaili ya Excel 412, majina yote yamepotea, namba tupu.

Excel ina tabia ya kuandika ndani ya faili tarehe lilipohifadhiwa mwisho. Fundi akayapanga kwa tarehe, jipya juu. La juu kabisa lilikuwa la Jumamosi tarehe 27 Septemba 2025. Nikatafuta jina la bibi, hisa 71. Nikashukuru, lakini Oktoba na Novemba hazikuwemo, na bibi hakukosa kikao hata kimoja. Fundi akasema, "Mama, labda za mwisho zimeliwa."

Nilikuwa nakunywa chai yake ya tangawizi ndipo nikakumbuka F1. Ile saa! Tangu mwisho wa Septemba mashine ilikuwa inaniambia ni mwaka 2012, na mimi nabonyeza tu. Nikamwambia, "Baba, hebu shuka chini kabisa, angalia mwaka 2012."

Alinitazama kama nimechanganyikiwa. Akashuka. Yalikuwemo saba, yote ya tarehe 1 Januari 2012. Mawili yamevurugika, alama tupu. La tano likafunguka, Oktoba nzima na Novemba nzima. Bibi muuza vitumbua, hisa 87. Shilingi 435,000 kabla ya faida. Nililia pale kibandani mbele za watu, na fundi wa watu akawa hajui anipe kitambaa au aniongezee chai.

Jumamosi ya tarehe 13 nilikwenda kikaoni na karatasi nimezichapisha nakala tatu, moja ya mwenyekiti, moja ya mweka hazina, moja nimeibandika ukutani. Tukalinganisha na vitabu vya wenzetu 23, zikaingiliana zote isipokuwa mbili, na hizo mbili kosa lilikuwa la mgonga mihuri. Yule mwenye maneno aliniomba radhi kimtindo, kwa kuniuliza kama nimekula.

Bibi akahesabu zake mara mbili, akazifunga kwenye pindo la khanga. Nikampa kitabu kipya cha mwaka unaofuata. Akakigeuzageuza, akaniuliza, "Na mle kwenye mashine nitakuwemo pia?"

Nikamwambia atakuwemo.

"Basi," akasema, "lakini mwanangu, niandike na kwenye lile daftari lako la vitunguu."